Kikombe cha Nani?

Ukimuuliza Bi Mpishi kikombe kimoja cha unga ni gramu ngapi, alikuwa anakutazama usoni kwanza, halafu anakuuliza, "Cha nani?"

Nilimuuliza swali hilo kwa miaka. Nilimuuliza kwa upole, nilimuuliza kwa hasira, nilimuuliza huku nimeishika mizani mkononi, na jibu lilikuwa hilo hilo. Sasa ametangulia mbele ya haki, na mimi bado sina gramu za mkate wake wa kumimina. Watu wakimsifu mbele yangu naitikia, maana sifa zake ni za kweli. Moyoni najisemea kwamba wanaomsifu hawakuwahi kujaribu kuchukua kipimo kwa mwanamke yule.

Tulimwita Bi Mpishi, wakubwa kwa wadogo. Pale Kibiti shughuli haikuwa shughuli kama hakuitwa, iwe harusi, maulidi au hitima, na watu walikuwa wanatuma gari toka Mahege, toka Ikwiriri, mara nyingine hata toka Mbwara, kuja kumchukua. Alikuwa mfupi, mpana wa mabega, khanga moja kiunoni na nyingine kichwani, na sauti iliyozoea kuwafikia watu walio upande wa pili wa moshi. Nyumba yake na yangu zilitenganishwa na ua wa makuti tu. Nikikuna nazi kwangu, ananiambia kutoka kwake kwamba nimefika kwenye kifuu, niache.

Mimi nilisomea uokaji chuoni Dar es Salaam, nikarudi nyumbani nikafungua jiko la mikate na vitumbua karibu na barabara kuu. Mwalimu wetu kule chuoni alikuwa hataki kusikia neno kikombe. Alituwekea unga uleule na kikombe kilekile, akatupimia mbele ya macho yetu. Unga uliochekechwa na kutiwa kwa kijiko ulisoma gramu mia moja na ishirini hivi. Uliochotwa kwa kikombe chenyewe ndani ya mfuko ulifika mia moja na hamsini. Kikombe kikagongwa mezani ili unga ushuke, ukaongezwa mwingine, namba ikapanda tena. Sukari kwenye kikombe hicho hicho ilikuwa mia mbili. Tangu siku ile nikaona mtu anayeniambia "vikombe viwili vya unga" ni kama ananiambia nyumba yake iko mbele kidogo.

Basi nikarudi Kibiti na mizani yangu ndogo ya betri, na jirani yangu akawa ndiye mpikaji wa mkate wa kumimina mtamu kuliko wote niliowahi kuula. Mkate wa unga wa mchele, tui, sukari, hamira na iliki, unamiminwa kwenye sufuria lenye mkaa juu na chini. Nilitaka niuweke kwenye gramu. Niliona ni jambo la asubuhi moja.

Asubuhi hiyo nilikwenda kwake, nikaamkia, akaniitikia, nikaiweka mizani juu ya kinu kilichopinduliwa.

"Dude gani hilo?" akauliza.

"Mizani, bibi. Wewe pima kama unavyopima siku zote, mie nitasoma tu."

"Inasoma nini?"

"Uzito wa unga."

"Unga mie naujua. We unataka kumpikia nani?"

Nikamwambia sitaki kumpikia mtu, nataka kujua. Akaniangalia kama mtu aliyeambiwa kuna harusi isiyo na bibi harusi. Halafu akachota unga wa mchele, kikombe cha kwanza, nikapima. Cha pili, nikapima. Cha tatu. Hakuna viwili vilivyolingana. Nikamwonyesha namba. Akasema mizani yangu inababaika, niipeleke kwa fundi.

Na kikombe chenyewe! Kilikuwa cha bati, cheupe chenye ukingo wa buluu, na alikuwa anasema amepikia nacho tangu ana mimba ya mwanawe wa kwanza. Uongo. Mimi mwenyewe nilikishuhudia kile cha zamani kikitoboka kitako akakigeuza cha kuchotea chakula cha kuku, akanunua kingine, kikubwa zaidi kwa macho ya mtu yeyote. Nilipomwambia hiki si kile, akajibu kwamba kikombe ni kikombe. Nikachukua kikombe changu cha plastiki nikataka kuchotea unga wake, akanipiga kofi mkononi. Nikamuuliza, si umesema kikombe ni kikombe? Akasema, "Si hicho."

Hivyo ndivyo alivyokuwa. Alidharau mizani yangu, lakini akienda dukani kununua sukari alikuwa anasimama mbele ya mizani ya mwenye duka na macho yake hayapepesi, anamwambia, "Baba, toa kidole." Aliwagombeza wasichana waliomwaga punje za mchele wakati wa kuchagua, akawarudisha waziokote moja moja kwenye mkeka. Halafu yeye mwenyewe akimpimia mtu mchele anajaza mpaka unamwagika pande zote na wala hatazami unapoangukia.

Hapo kwenye kumwagika ndipo palipokuwa na matatizo yote, na nilichelewa sana kupaelewa ingawa nimezaliwa hapa hapa. Kwetu ukimpimia mtu kitu cha kupeleka kwake, unajaza kikombe kisha unaongeza kilima juu yake. Kufuta kikombe kwa kiganja ili unga ulale sawa na ukingo, hicho tunaita mfuto, na mfuto ni wa nyumbani kwako. Ukimpimia mgeni mfuto umemtukana. Kila mtu anajua hivyo na kila mtu anafanya kwa kiasi. Bi Mpishi hakuwa na kiasi. Watu wa nyumbani kwake walipata mfuto. Jirani alipata kilima kidogo. Mgeni wa kutoka mbali alipata kilima ambacho alikuwa anakizuia kwa mkono wa pili kisiporomoke. Mfiwa alipata kikombe ambacho ukikitazama huoni kikombe. Kwa hiyo alipouliza "Cha nani?" hakuwa anafanya mzaha. Alikuwa anataka kujua ajibu kikombe kipi kati ya vingi.

Marehemu mumewe, mzee mpole aliyelima mpunga bondeni maisha yake yote, alinikuta siku moja uani natoka na ungo wa mchele niliopimiwa. Akautazama ule mchele, akautazama kwa muda.

"Mwanangu," akaniambia, "mie humu ndani n'nakula mfuto tangu nimeoa. Natamani siku moja na mie nije mgeni."

Bi Mpishi alikuwa anasikia. Akasema kutoka jikoni kwamba mgeni hulala siku chache akaenda zake, na yeye mume hajamwona akienda popote.

Katika shughuli alikuwa hatari zaidi. Wenye shughuli wanakaa kikao, wanakadiria watu, wananunua kilo za mchele kwa kilo za nyama, wanamletea. Yeye anafungua magunia anapima upya kwa kikombe chake, huku anauliza nani anakuja. Wakwe wanakuja? Ongeza. Wale wa Mchukwi waliofiwa mwaka huu wamealikwa? Ongeza. Anapokwisha kuuliza, mchele umekwisha na watu wanatumwa dukani. Kuna bwana mmoja, mwenye harusi, alimjia juu kwamba kilo zilikuwa zinatosha kwa hesabu yoyote ile. Bi Mpishi akamjibu, "Hesabu yako imehesabu midomo. Haikuhesabu watu." Yule bwana akaenda kununua gunia jingine. Pilau ilitosha, ikabaki, ikafungwa kwenye mifuko ikapelekwa kwa wazee wasioweza kutembea. Utagombana naye vipi?

Nirudi kwenye mkate wangu. Baada ya kwenda kwake asubuhi nyingi na kupima vikombe vyake hadi nikachoka, nilichukua wastani, kama nilivyofundishwa. Baba yangu alipofanyiwa hitima nikasema mkate wa kumimina nitapika mimi, kwa mizani, ili watu waone. Nikapima unga gramu kwa gramu, sukari gramu kwa gramu, tui kwa mililita. Mkate ukatoka mgumu. Ulitoka mgumu kiasi kwamba shehe aliumega, akautazama, akauchovya kwenye chai na kuuacha humo. Bi Mpishi alikula kipande chake chote, kwa heshima ya baba yangu, kisha akanong'ona kwa sauti ya kufika mpaka barazani, "Ameupika kwa betri."

Nilimfuata kesho yake nimefura. Nikamwambia yeye hutumia unga kidogo kuliko alionionyesha, amenificha. Akashangaa kweli kweli.

"Nimekuficha nini mie? Unga wa mkate si mfuto?"

"Lakini uliponipimia mie hukufuta. Kila siku niliyokuja umepima na kilima."

"Kwani ulikuwa umekuja kupika? Ulikuwa umekuja kwangu," akasema. "Nikupimie mfuto, mwanangu, unaniona nina wazimu?"

Yaani asubuhi zote zile alikuwa ananikirimu. Nilikuwa napima ukarimu wake kwa gramu nikidhani ni mapishi. Nikamwomba apime tena, mfuto, mara moja tu, nisome namba niondoke. Akakubali. Akachota, akainua kiganja, akaniangalia mimi, akaangalia kikombe, kiganja kikabaki hewani. Halafu akamimina unga wote ndani ya ungo na kilima chake. Akasema mkono umekataa. Nilitoka pale bila kuaga.

Sikuongea naye siku kadhaa. Yeye akaleta vitumbua kupitia juu ya ua wa makuti, kisahani kimejaa pomoni.

Miaka ikapita namna hiyo, yeye na kikombe chake, mimi na mizani yangu, hadi alipopata kidonda mguuni. Kilianza kama mchubuko wa kandambili. Hakikupona. Walipompeleka hospitali wakakuta sukari, na imekaa mwilini muda mrefu bila yeye kujua. Nilikwenda naye mara ya pili, maana mwanawe alikuwa safarini Dar na mkwewe alikuwa na mtoto mchanga. Mganga alikisafisha kidonda, akatuambia bila kuzunguka kwamba sukari isiposhuka kidonda hakitafunga, na kisipofunga wataukata mguu. Bi Mpishi akamuuliza wataukata hadi wapi. Mganga akamwonyesha kwa mkono, chini ya goti. Akaitikia kama mtu anayeambiwa bei.

Muuguzi alikuwa binti mwenye subira. Akatoa kikombe kidogo cha plastiki akatukabidhi, akasema, "Bibi, kikombe kimoja cha unga wa dona kwa mlo. Ukipika wali, kimoja cha mchele. Mboga kula utakavyo, samaki kula. Lakini unga, kikombe kimoja." Nikafurahi jinsi alivyosema wazi. Leo hii bado namkumbuka binti yule na kikombe chake, na natamani ningemwambia: mwanangu, sema gramu.

Sukari haikushuka. Tukarudi hospitali, sukari iko juu. Vidonge vikaongezwa, bado juu. Nyumbani wakaanza kumtazama vibaya. Mwanawe aliporudi akafungia sukari kabatini. Wajukuu wakaambiwa wasimpe bibi yao maandazi. Bi Mpishi akaapa kwa Mungu kwamba hali kitu kingine zaidi ya alichopimiwa, na alikuwa si mtu wa kuapa ovyo, lakini nani atamwamini mpishi kwamba haonji? Mkwewe alikuwa analia, msichana mwema aliyeolewa kutoka vilima vya kusini, anamwosha kidonda kwa mikono yake asubuhi na jioni. Kidonda kikapanuka. Mganga akataja siku ambayo, kama hakuna nafuu, tutie nia ya kukata.

Mimi nilikuwa nimewakasirikia wote: yule mtoto wa kiume na funguo zake, mkwe na machozi yake, Bi Mpishi na ubishi wake ambao safari hii sikujua uko wapi. Siku mbili kabla ya ile siku ya mganga niliingia jikoni kwao mchana. Mkwe alikuwa anapima unga wa ugali wa mama mkwe wake, peke yake, kwenye kisufuria kidogo cha peke yake, kama tulivyoelekezwa. Kikombe ni kile kile cha muuguzi. Akakichovya ndani ya unga, akakigonga, akaongeza, akashindilia kwa mgongo wa kijiko, akaweka juu kilima, na kilima akakishika kwa vidole kisianguke.

"Unafanya nini?" nikamuuliza.

"Napima, dada. Kikombe kimoja, kama tulivyoambiwa."

Nikakimbia nyumbani nikaleta mizani. Kikombe chake kilisoma gramu mia moja na arobaini. Nikakimwaga, nikachota upya, nikafuta kwa mgongo wa kisu. Sabini. Nikamwonyesha.

"Unampa mara mbili," nikamwambia. "Kila mlo. Tangu mwanzo."

Akaweka mkono mdomoni. Halafu akasema, kwa sauti ndogo kabisa, "Sasa mimi nitampimiaje mama mfuto, dada? Mimi mkwe?"

Bi Mpishi alikuwa amekaa kwenye kibao chake mlangoni, mguu wake umefungwa, ameunyoosha juu ya mto. Alikuwa ameona yote na kusikia yote. Mwanamke huyu alikuwa na uwezo wa kuona kilima cha unga toka upande wa pili wa uwanja wenye watu wa harusi. Nikamgeukia.

"Bibi, wewe ulikuwa unaona."

Akaushika mto chini ya mguu wake, akauweka sawa.

"Kila siku ulikuwa unaona anavyopima."

"Nilikuwa naona," akasema.

"Na ukanyamaza. Watu wanakuita mwizi wa sukari ndani ya nyumba yako, na wewe unajua, na umenyamaza."

"Ningesema nini? Mtoto wa watu ananipa heshima, mie nimwambie punguza? Angesema mama amekataa mkono wangu. Si angefunga mizigo yake?"

"Kwa hiyo unakula?"

"Nakula. Nikibakisha ataona pia."

Mimi nilikaa chini palepale sakafuni, kwenye unga. Nimegombana na watu wengi maishani, lakini sijawahi kukutana na ujinga uliofanywa kwa adabu kubwa namna ile, na watu wawili, kila mmoja kwa ajili ya mwenzake. Nilitaka kupiga kelele. Nikasema, basi, ajipimie mwenyewe. Si yeye aliyekula mfuto maisha yake yote? Achote, afute, ampe mkwe apike.

Akatikisa kichwa. "Mkwe akiwepo mama ajipimie? Watu waseme huyu binti kazi yake nini humu ndani?"

Nikamwambia mkwe, basi wewe futa, nakushika mkono, tufute pamoja. Akachukua kikombe. Akainua kisu. Akakitazama kikombe, akamtazama mama mkwe wake, machozi yakaanza. Mkono ulikuwa umekataa. Niliutambua mkono ule.

Tukakaa hivyo, watu watatu na kikombe kidogo cha plastiki, maji ya ugali yanachemka. Bi Mpishi alikuwa anautazama mguu wake.

"Huu wakiukata," akaniuliza, "unakuwa kilo ngapi?"

Ilikuwa mara ya kwanza katika miaka yote ile kuniuliza uzito wa kitu. Nilimwambia sijui, na sitaki kujua. Akausukuma ungo wa unga kwa mkono, ukaja mpaka mbele yangu.

"Nipimie wewe," akasema. "Wewe adabu huna."

Nikachukua kisu. Nikachota, nikafuta mbele yake, mgongo wa kisu ukapita juu ya kikombe na kilima chote kikaanguka. Mkwe aligeukia ukuta. Bi Mpishi peke yake ndiye aliyetazama, na alitazama mpaka unga ulipolala sawa na ukingo, akashusha pumzi ndefu.

"Haya," akasema. "Sasa nikishinda na njaa nitasema ni wewe umeninyima. Mkwe wangu hana kosa."

Nilivuka ule ua wa makuti na kisu na mizani kila mlo, mganga akaisogeza mbele ile siku yake, sukari ikashuka, mvua ikanyesha, mpunga ukavunwa, mguu haukukatwa. Na yeye alifanya alivyoahidi. Aliwaambia wageni waliokuja kumjulia hali, aliwaambia wenye shughuli, aliwaambia hadi watu wa Ikwiriri ambao sijawahi kuwaona, kwamba mkwe wake ni malaika na jirani yake mwoka mikate anamnyima unga.